Usianze na idadi ya waliokufa

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa Kanda ya Ziwa, ukifika kwenye mada ya maafa yanayosababishwa na binadamu, usianze na idadi ya waliokufa. Mimi nilianza nayo. Niliandika ubaoni "MV Bukoba, 21 Mei 1996", siku meli hiyo ilipozama Ziwa Victoria, chini yake "zaidi ya watu 800". Binti mmoja wa dawati la nyuma akafunga daftari, akatoka nje. Babu yake alikuwa humo. Mwalimu wa darasa alilijua hilo, ila sikumuuliza. Siku hizi nauliza kwanza.

Sasa naanza na orodha ya abiria. Meli ile ilikuwa ya kubeba watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Nikishasema hivyo nanyamaza. Hachelewi kutokea mmoja: sasa wa daraja la tatu walihesabiwaje, mwalimu? Hawakuhesabiwa. Ndiyo maana mpaka leo mmoja atakwambia 800, mwingine 1,000. Hapo usiwe na haraka. Waache wabishane kwa nini jina la aliyelipia kitanda liliandikwa, na la aliyekaa juu ya mizigo yake halikuandikwa. Mimi mjadala huo umewahi kunilia vipindi viwili, silabasi ikasubiri.

Utaambiwa pia, "Siku zao zilikuwa zimefika." Usimcheke anayesema hivyo, huenda ndilo neno linalomfariji mama yake. Mimi huwapeleka kisiwa cha Ukara, 20 Septemba 2018: kivuko cha MV Nyerere, uwezo wake abiria 101, kilipinduka kikikaribia gati, wakafa watu 228. Kisha nauliza: siku anaijua Mungu, ila abiria wa 102 alimpakia nani?

Watamkimbilia nahodha. Sawa, wamtaje, halafu uwarudishe nyuma kidogo: aliyekuwa akirudi na gunia lake kutoka gulioni Bugolora, kisiwani Ukerewe, angekataa kupanda, angelala wapi?

Kazi ya nyumbani ni mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapopakia na kushusha. Wakiwa nchi kavu, wahesabu abiria wanaopanda mtumbwi mmoja, na majaketi ya kuokolea yaliyomo. Mara ya mwisho wenye mitumbwi walikuja shuleni wamefura, nikaitwa kwa mkuu. Nilikwenda na madaftari ya wanafunzi, nikamwekea mezani.