Jibu: Nahamia kwenye jamvi tupu (zege la chini lisilopigwa sakafu), niweke nini chini kabla ya marumaru?
Mkuu, kwa chumba chako cha mita 3 kwa 4, piga sakafu ya mchanga na saruji, unene sentimita 3. Mifuko mitatu ya saruji inatosha, kila mmoja kwa ndoo saba za mchanga za lita 20. Mwagilia siku saba. Fundi atataka kupiga niru (uji wa saruji unaolainishwa juu) ing'ae, mkatalie. Marumaru hazishiki vizuri kwenye niru, baadaye utalipa mtu aigongegonge kwa patasi. Iache na ukwaru unaoachwa na ubao wa kusawazishia, kisha tandika kapeti la plastiki bila gundi mpaka utakapoweka marumaru. Ila kabla ya kapeti, bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa selotepu, pande zote nne, usiku kucha. Ukikuta matone kwa chini, subiri kwanza, la sivyo kapeti litaota ukungu.