Oili sili mpya ya ekseli, wiki mbili tu inavuja tena

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, oto. Kama miezi miwili sasa nikiilaza nje asubuhi nakuta matone mekundu chini, upande wa kushoto mbele kwa ndani ya tairi. Fundi wa mtaani akabadilisha oili sili ya ekseli, nikapumzika wiki mbili tu matone yakarudi vilevile, sasa anasema gia boksi imechoka nitafute ya yuzidi. Hela hiyo sina kwa kweli. Vifaa ninavyo, pedi za breki na plagi nabadilisha mwenyewe hapa nyumbani, je hii kazi naiweza au nitaharibu zaidi? (Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Gia boksi usinunue, bado kabisa, na kazi yenyewe unaiweza ukitenga siku nzima bila haraka.

Kwanza hakikisha ni sili kweli, yaani ile ringi ya mpira inayozuia oili pale ekseli inapoingia gia boksi. Nyekundu na nyepesi ni haidroliki, yaani oili ya gia boksi ya oto; nyeusi nzito iliyorukia rimu, hiyo ni grisi ya buti iliyopasuka, ule mpira unaofunika jointi ya ekseli. Pafute pakauke, zunguka kidogo, halafu mulika na tochi uone inaanzia wapi, maana upepo unaisukuma nyuma na sampo, lile bakuli la oili la chini, inaweza kukudanganya.

Dukani nenda na namba ya chesisi, sili ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazifanani. Chukua na nati mpya ya habu na ile ringi ndogo ya mwisho wa ekseli.

Nati ya habu ni soketi 30, ilegeze gari likiwa bado chini na mtu amekanyaga breki, ila ule mdomo wa nati uliogongwa ili isilegee ubinue kwanza kwa tindo. Ukishapiga jeki weka stendi, tafadhali sana usiingie chini gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Toa tairi, waya wa ABS, tairodi na boli jointi ya chini, sukuma habu nje ekseli itoke. Upande wa gia boksi ingiza mtarimbo nyuma ya kikombe cha jointi ya ndani ya ekseli uchokonoe kwa kishindo kifupi, usivute chuma chenyewe cha ekseli, jointi ya ndani itaachia ndani ya buti halafu unaanza kazi nyingine. Beseni liwe chini tayari.

Kabla hujang'oa sili ya zamani pima kwa rula imezama kiasi gani, hapo ndipo mpya itakapokaa. Ing'oe taratibu bila kukwaruza aluminiamu, safisha, pakaa haidroliki pembeni na grisi kidogo kwenye ulimi, igonge kwa bomba au soketi yenye upana wake, ikizama pande zote sawasawa.

Sasa hapa ndipo nadhani sili yako ya kwanza iliuliwa. Ule ulimi ni mpira mwembamba na meno ya ekseli ni makali, ukisukuma ekseli inaning'inia, meno yanaukwaruza na sili imeshakwisha kabla hata gari halijawashwa. Mwite mtu akushikie upande wa nje, iingize imenyooka kabisa, mwanya wa ile ringi uangalie chini, meno yakishikana isukume kwa nguvu mpaka isikike tak, halafu jaribu kukivuta kikombe kwa mkono, kisitoke. Nati mpya ya habu inakazwa 216 Nm, azima spana ya kupimia, halafu ugonge mdomo wake.

Haidroliki ni T-IV, usichanganye na nyingine, unaongezea kidogo kidogo kwenye tundu la dipstiki. Ikishapata moto, gari limesimama pa tambarare linaunguruma, pitisha gia zote urudi P, upime kwenye alama ya HOT. Usilete mazoea ya kuendesha ikiwa pungufu, hapo ndipo gia boksi nzima inakufa kweli.

Na ekseli ikiwa nje fanya kitu ambacho wengi wanakiruka, pitisha kucha pale panapong'aa inapokaa sili. Kucha ikikwama kwenye mfereji, hata sili kumi zitavuja, tafuta ekseli. Angalia pia pumzi ya gia boksi, kile kitundu cha kutolea hewa, isiwe imezibwa na matope, presha ikijaa ndani inasukuma oili ipite kwenye sili. Ukishafunga tikisa kikombe juu na chini, kikicheza sana ni beringi ya ndani, na hapo fundi wako atakuwa na hoja. Ukimaliza tuandikie utuambie kucha ilikwama au haikukwama.