Maswali na majibu: "Mtetezi" anataka laki na nusu na dole gumba la mama

SWALI: Shikamoo mama. Namuuguza mama yangu hapa Mbagala. Ana miaka 67, alipata kiharusi, upande wa kulia umelala na hawezi kusema. Nje ya hospitali tumekutana na kaka anayejiita mtetezi wa wagonjwa. Anasema atatupatia msamaha wa matibabu na atamsemea mama kwa madaktari. Anataka shilingi 150,000, na mama atie dole gumba kwenye karatasi ya kumpa mamlaka. Nimwamini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Usimpe hata mia, na hiyo karatasi isifike kitandani kwa mama.

Msamaha unaulizwa ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini. Nenda na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho chochote kinachoonyesha umri wa mama. Hauuzwi.

Linalonichosha katika kazi yangu hii ya usaidizi wa kisheria ni hilo neno "kumsemea". Kila wiki naletewa mgonjwa ambaye watu watatu wanagombea kuwa mdomo wake, na hakuna aliyemuuliza yeye. Kiharusi kinaweza kuchukua ulimi kikaacha akili. Mama akiweza kukubana mkono mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, ana la kusema. Kazi ya mtetezi ni kukaa naye, kumwelezea polepole, kuhakikisha jibu lake, kisha kulifikisha kwa daktari kama lilivyo, hata kama yeye mtetezi halipendi. Anayekuja na uamuzi wake mfukoni ni msimamizi aliyejiteua.

Na wewe pia, usinune. Unampenda mama, lakini umechoka, na unachotaka wewe si lazima kiwe anachotaka yeye. Labda yeye anataka kurudi nyumbani, wewe huna wa kumwachia. Hapo kila mmoja anahitaji mtu wake wa kumsikiliza. Uingereza wameliandika hilo katika sheria yao ya matunzo ya 2014: mtetezi huru anaweza kuwekwa kwa anayehudumiwa na hata kwa anayemhudumia, na hawezi kuwa mtu anayelipwa kumtunza mgonjwa huyohuyo. Huru maana yake hali chungu kimoja na unayelalamikiwa. Afisa ustawi wa hospitali anaweza kuwa mwema sana, ila yuko chini ya hospitali. Lalamiko lako likiwa juu ya hospitali, tafuta mtu wa nje.

Hapa kwetu mtu huyo mara nyingi ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutaka tusajiliwe, na haituruhusu kutoza ada wala kusimama mahakamani kama mawakili. Kwa hiyo kaka yako huyo, kwa kutaja bei tu, ameshajieleza.

Sasa dole gumba. Vishoka wanalipenda kuliko hata pesa. Sheria yetu ya mikataba inataka anayekubaliana awe na akili timamu. Asiyeelewa karatasi hajampa mtu mamlaka yoyote, hata wino ukolee vipi. Tena hata hati halali ya uwakilishi hukoma aliyeitoa akipoteza akili au akifa. Watoto wa mjini hawalijui hili. Nimeshaona nyumba ya mzee ikitafutiwa mnunuzi kwa dole lililotiwa wodini, mwenye dole akiwa hamtambui hata mwanawe. Ilianza hivihivi, kwa "karatasi ya matibabu tu".

Kama mama alishatia dole kabla barua hii haijakufikia, nenda kesho serikali ya mtaa na polisi ukaripoti, na uangalie hati ya nyumba iko wapi. Huyo kaka akirudi, mwombe namba yake ya usajili, uiandike mbele yake, umwambie utaiuliza kwa msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria pale halmashauri.