Mama mkwe anasema kisu kinaamsha saratani

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, nimeolewa, naishi Songea na nina mtoto mmoja wa miaka mitatu. Mwezi uliopita nilikatwa kinyama (kipande kidogo cha kupimwa) kwenye uvimbe wa titi la kushoto, majibu yakasema saratani. Daktari wa Dar es Salaam anasema ni hatua ya pili: nianze dripu za dawa za saratani, kisha titi liondolewe. Amenipa wiki mbili nijiandae. Mama mkwe anasema kisu kinaamsha saratani na anamjua mtaalamu wa mitishamba. Mume wangu hasemi kitu. Dada wa baba yangu alifariki kwa ugonjwa huu, ila naambiwa upande wa baba hauhusiki. Nilikuwa bado nataka mtoto wa pili. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Barua yako nimeirudia mara tatu. Daktari kasema, mama mkwe kasema, mume kanyamaza, na lako wewe umelitia mwisho kabisa, kama mtu anayeomba radhi. Tuanze na hilo la mtoto, kwa sababu ndilo lenye saa.

Mwambie daktari kabla ya dripu ya kwanza. Dawa zile hupiga chembe zinazogawanyika upesi, na mayai yako nayo huumia. Kwa umri wako hedhi ikikatika mara nyingi hurudi, lakini hakuna wa kukuahidi. Ipo sindano ya goserelin, ya kila mwezi, inayoyalaza mayai wakati wa dripu, nayo huanza kabla yake. Kugandisha mayai huchukua kama wiki mbili, ila gharama yake si ya mchezo. Uliza yote mawili. Na kwa sasa usishike mimba: tumieni kondomu au kitanzi cha shaba. Sindano, vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango vina homoni, achana navyo.

La pili, dai majibu ya vipokezi, yaani vitu kwenye chembe za saratani vinavyopokea ishara ya kukua. Kile kinyama chako hupimwa vitu vitatu: kipokezi cha estrojeni na cha projesteroni, ambazo ni homoni za kike, na HER2, protini inayoichochea saratani ikue upesi. Hukuvitaja, nami nahisi hujaambiwa. Vya homoni vikiwepo, baada ya dripu na upasuaji utameza vidonge, mara nyingi tamoksifeni, miaka mitano hadi kumi, na huruhusiwi kubeba mimba ukiwa unavimeza. Usikate tamaa hapo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake 516, wote wa miaka 42 kushuka chini, waliosimamisha vidonge hivyo baada ya miezi 18 hadi 30 ili wazae. Wengi walipata watoto, na kwa miaka mitatu na kidogo waliyofuatiliwa, saratani haikuwarudia zaidi kuliko wenzao ambao hawakusimamisha. HER2 ikiwepo, ipo dawa yake, trastuzumab, ni ghali, na swali ni kama bima yako inailipia. Vyote vitatu visipokuwepo, vidonge havina kazi kwako na dripu ndiyo nguzo.

Sasa kisu. Mama mkwe hasemi uongo, anasimulia alichokiona. Kwetu wengi hufika hospitali titi limeshatoboka. Wanakatwa, wanafariki, na waliobaki wanakumbuka kisu, hawaikumbuki miezi kumi na minne ya kubandika majani. Mimi mwenyewe nilimzika rafiki wa namna hiyo. Alikuwa anauficha uvimbe kwa kanga. Kukatwa kinyama hakukuiamsha saratani yako. Ilikuwa macho siku nyingi.

Kuhusu mitishamba, mwambie mama hivi: paklitakseli, mojawapo ya dripu za saratani ya titi, ilitoka kwenye gome la mti. Tofauti ni kwamba hii imepimwa, kiasi chake kinajulikana. Kikombe cha mtaalamu usikichanganye na dripu, kwani ini lako litakuwa na kazi ya kutosha. Kisha mpe mama kazi ya heshima: mjukuu abaki kwake utakapokuwa Dar. Mtu mwenye hofu akipewa la kufanya hupungua maneno.

Je, titi lote lazima liondoke? Si lazima kila mara. Mwaka 2002 zilitoka tafiti mbili zilizofuatilia wanawake kwa miaka 20: waliotolewa uvimbe tu wakapigwa mionzi waliishi sawasawa na waliotolewa titi lote. Kwa hiyo uliza, "Uvimbe ukiyeyuka kwa dripu, titi linaweza kubaki?" Lakini fanya hesabu ya Songea. Mionzi ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa, na mashine haziko kila mkoa. Utalala wapi karibu na Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na nauli atalipa nani? Wapo wanaochagua kuondoa titi kwa sababu hiyo, na siwalaumu, ingawa wengine huhitaji mionzi hata baada ya kuliondoa.

Na shangazi yako anahusika, tena sana. Jeni za BRCA, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya titi, hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama. Mtaje kwa daktari, na useme alikuwa na umri gani alipougua, maana jambo hilo laweza kubadili upasuaji wenyewe.

Mumeo usimbane usiku chumbani. Nenda naye kliniki, akae kiti cha pembeni, asikie kwa masikio yake. Wanaume wengi hunyamaza kwa sababu wameshakuzika kichwani. Ila fomu ya upasuaji utaisaini wewe. U mtu mzima, haisubiri kalamu yake wala ya mama yake.

Wiki mbili tatu za kukusanya majibu hazitakudhuru. Miezi sita ya "tujaribu kwanza" itakudhuru. Nunua daftari, andika maswali haya leo, na usitoke kwa daktari kabla hajakuandikia vile vipokezi vitatu kwa mkono wake. Ukivipata niandikie tena, tuangalie pamoja.