Tezi zikivimba baada ya kuanza ARV, usikimbilie kuziacha

Dada mmoja ameniandikia kuhusu kaka yake. Alianza dawa za TB mwezi uliopita, homa ikakatika, hamu ya kula ikarudi. Wiki mbili baadaye akaanzishiwa ARV, dawa za kufubaza VVU. Sasa homa imerejea kila jioni, tezi za shingo zimekuwa kubwa kuliko mwanzo, na wazee wa ukoo wamekata shauri kwamba ARV ndizo zinazomuua, azitupe.

Dada yangu, asitupe hata kidonge kimoja. Mpeleke kliniki kesho asubuhi na kadi zake zote mbili, ya TB na ya CTC, yaani kliniki ya VVU.

Hali hiyo ikithibitishwa, wataalamu wanaiita IRIS: kinga iliyokuwa imelala inaamka kwa kishindo. Wengi wanadhani ukali wa TB ni kazi ya vijidudu peke yao. Sivyo. Madhara mengi mapafuni huletwa na mwili wenyewe unapojihami. Yale matundu tunayoyaona kwenye picha ya kifua ya mtu mwenye kinga nzuri yamechimbwa kwa kiasi kikubwa na kinga yake. Ndiyo maana mtu ambaye CD4 zake, seli za kinga zinazoharibiwa na VVU, zimeshuka sana anaweza kuwa na TB mwili mzima, na bado picha ikaonekana safi na makohozi yasionyeshe kitu kwenye hadubini. Ukimya huo ni wa hatari. Bila CD4, seli zinazomeza vijidudu hazipati nguvu ya kuviua, navyo husambaa kwa damu hadi kwenye ini, uti wa mgongo na ubongo.

ARV zikianza kufanya kazi, CD4 zinarudi na kukuta mabaki ya vijidudu kila mahali, vilivyo hai na vilivyokufa. Zinavishambulia vyote. Hapo ndipo homa, uvimbe na usaha vinapotokea. Mara nyingi huwa kati ya wiki ya kwanza na ya nne ya ARV, na karibu kila mara ndani ya miezi 3. Walio hatarini zaidi ni wenye CD4 chini ya 100 na wale ambao TB imeshasambaa mwilini.

Lakini msiseme "ni IRIS tu" kabla ya kuchunguza. Je, dawa zote zinamezwa kila siku? Je, kipimo cha GeneXpert kilionyesha kwamba rifampisini, dawa kuu ya TB, inafanya kazi? TB sugu huleta dalili hizi hizi. Macho yakiwa ya manjano, tatizo huenda ni ini kuzidiwa na dawa. Na kichwa kikiuma sana pamoja na kutapika, shingo ikikakamaa, akichanganyikiwa au akihema kwa shida, msingoje asubuhi. Aende hospitali saa hiyo hiyo.

IRIS nyepesi hutulia yenyewe huku dawa zote zikiendelea. Tezi lenye usaha hufyonzwa kwa sindano, hata mara kadhaa. Likipasuliwa kwa wembe linaweza kuacha kidonda kinachochuruzika kwa miezi. IRIS ikiwa kali, daktari huandika prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga na uvimbe: miligramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito kila siku kwa wiki 2, kisha nusu yake kwa wiki 2 nyingine. Mtu wa kilo 50 humeza miligramu 75, yaani vidonge 15 vya miligramu 5. Msiinunue dukani kwa kukisia! Kwa mwenye saratani ya Kaposi inaweza kuichochea, na kwa mwenye TB sugu isiyotibiwa inaupa ugonjwa nafasi.

Kuna wanaouliza kwa nini ARV zisicheleweshwe ili kuepuka haya yote. Kwa mwenye CD4 za chini, kuchelewa kunaua kuliko IRIS, hivyo huanzwa ndani ya wiki 2 za dawa za TB. TB ya utando wa ubongo ni tofauti: husubiriwa wiki 4 hadi 8, kwa sababu ndani ya fuvu uvimbe hauna pa kwenda.

Jambo la mwisho la kuangalia kwenye kopo lake: kama anatumia dolutegraviri, mojawapo ya ARV, rifampisini huipunguza nguvu mwilini. Anahitaji miligramu 50 asubuhi na 50 nyingine baada ya saa 12, hadi wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Kama amepewa kidonge kimoja tu kwa siku, muulizeni mhudumu wa CTC kidonge cha pili kiko wapi.