Nepi zimefuliwa, zimekauka, bado zinanuka mkojo

Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kwanza ana miezi mitatu. Tumepanga chumba Mbagala, maji tunachota kisimani hapo uani. Pampasi zimenishinda bei, nimerudi kwenye nepi za kitambaa alizoniletea mama. Nazifua kila siku kwa sabuni ya mche, tena nyingi, na maji ya mwisho natia dawa ya kulainisha nguo. Lakini mtoto akikojoa tu, harufu inapanda hadi inachoma pua, na sasa katoka vipele mapajani. Masika hii hata kukauka hazikauki. Jirani ananiambia niziloweke na jiki. Nifanyeje?
Mama Kichanga, Mbagala

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi. Nianze na jiki, maana hilo halisubiri. Usilitie kabisa kwenye ndoo ya nepi zenye mkojo. Mkojo uliolala hutoa amonia, ndiyo hiyo harufu inayokuchoma pua, na amonia ikikutana na jiki inatoka hewa ya sumu inayobana kifua. Wewe umeinamia beseni, mtoto yuko mgongoni, nyote mnaivuta. Hata kwenye nepi safi jiki hula pamba, na likibaki kwenye kitambaa huunguza ngozi ya mtoto.

Sasa harufu. Mimi wanangu nimewalea Magomeni kwa nepi hizi hizi, na naona tatizo lako si uvivu wa kufua, ni sabuni iliyobaki ndani. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, maji magumu. Mche hautoi povu, unaongeza, unazidi kuongeza, na sabuni inagandana na yale maji inabaki kwenye nyuzi. Dawa ya kulainisha nayo inapaka utando juu yake. Mkojo unanasa humo, vijidudu vinaugeuza amonia. Zipime: chukua nepi kavu, idondoshee maji. Yakizama papo hapo, nepi nzima. Yakisimama juu kama tone kwenye jani la mgomba, imeziba.

Kuizibua, kama ni pamba tupu isiyo na lastiki wala plastiki, ichemshe kwenye sufuria kubwa bila sabuni yoyote. Utaona povu linaibuka lenyewe. Mwaga, suuza, rudia mpaka povu liishe. Dawa ya kulainisha iache kabisa.

Tangu hapo, kinyesi kikung'utie chooni, si mtaroni. Suuza kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha doa. Kisha ndiyo ufue kwa maji ya moto na sabuni ya unga kidogo, ambayo huvumilia maji ya kisima kuliko mche. Halafu suuza, mwanangu, suuza hadi kitambaa kisiteleze mkononi. Kama una dumu moja tu la maji ya bomba, usilimalize kwenye kufua, liweke kwa maji ya mwisho. Na hiyo masika unayoilalamikia inakuletea maji laini kuliko yote, bure. Iache mvua ya mwanzo ioshe vumbi la bati, ndipo ukinge ndoo.

Kuanika, ikunjue nepi yote, usiikunje mara mbili kambani. Jua likitoka lipate, linafifisha na madoa ya manjano. Mvua ikishika, zitundike ndani penye upepo, kisha zipige pasi ya moto pande zote mbili hadi kwenye pindo. Pasi hiyo si ya urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, hasa za kivulini au za chini, na funza wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi huyaua mayai.

Vipele: mbadilishe akilowa tu, mchana mvue ile chupi ya nailoni inayovaliwa juu ya nepi, umlaze juu ya khanga kuukuu apate hewa. Mafuta ya mgando usimpake mengi, yanahamia kwenye nepi na kuziba tena. Ukiona wekundu mkali ndani ya mikunjo, wenye vipele vidogo pembeni, huo huenda ni fangasi. Mpeleke kliniki, usinunue dawa ya kukisia.

Shangazi, mama mkwe hataki nepi zilale kambani magharibi ikishaingia, anasema mtoto atapatwa na upepo mbaya. Mimi narudi kutoka kazini usiku. Nimjibuje?
Mkwe, Temeke

Usimjibu, mwombe akuanulie. Ya upepo mwachie mwenyewe, ila nepi iliyolala nje inaloa umande, na asubuhi utamfunga mtoto kitambaa kibichi. Akizianua, mwambie ahsante mama, na wewe ukifika uzikunje.