Binti yangu hapati usingizi kwa sababu ya vitabu vya kutisha

SWALI: Shikamoo anti. Binti yangu ana miaka 12, kaazima kitabu cha kutisha cha Fear Street kwa rafiki yake, sasa usiku anakuja kujibana kwangu, taa hataki izimwe, na asubuhi anakisoma tena! Nimnyang'anye? Mama wa Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimnyang'anye jamani, mtoto anayesoma bila kusukumwa ni wa kumshikilia, ila hicho ni cha dada zake. Mwandishi R.L. Stine alianza mfululizo wa Fear Street mwaka 1989 kwa ajili ya matineja na humo watu wanauawa kweli, halafu 1992 akaja na Goosebumps ya wadogo, mizimu imo, mdoli Slappy anayeongea yumo, ila damu hawamwagi hovyo. Mtafutie hizo. Sema sura za vitabu hivyo zinakatikia pabaya makusudi, mtu mlangoni, mkono begani, basi, kwa hiyo ukimwambia "maliza sura ulale" ndo unamkosesha usingizi, mwache avuke kurasa mbili za sura inayofuata hofu itulie ndo afunge. Na asome mchana, jioni akusimulie, msikilize kabisa usimcheke. Ile riwaya ya Twilight ya wanyonya damu isubiri kidogo, mapenzi ndo mengi.